Shilingi yako ni shahidi: Tususie dhulma, tusisusie watu

 

Ndugu msomaji, katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, Mtume (s.a.w) ametufahamisha kuwa Siku ya Kiyama mja hataondoka mahali aliposimama mpaka aulizwe juu ya umri wake, elimu yake, mwili wake na mali yake. Ukiichunguza hadithi hii utaona jambo la kuzingatia. Juu ya mali mja anaulizwa maswali mawili: aliipata wapi, na aliitumia katika nini.

Swali la kwanza tunalizungumza sana misikitini. Tunakatazana riba, rushwa, wizi na kamari. Swali la pili mara nyingi tunaliishia kwenye israfu, tukisema mtu asifuje mali kwa harusi za kifakhari au nguo za kujionyesha. Hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Kila unapotoa pesa kununua kitu, unampa mtu nguvu ya kuendelea kufanya anachokifanya. Ukimlipa muadilifu, umeusaidia uadilifu wake. Ukimlipa dhalimu huku unajua na una njia nyingine, umemwongezea mtaji. Katika Suratul Maidah (5:2) Allah (s.w) ametuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Je, manunuzi yako yako upande upi wa aya hii?

Katika somo hili tutaangalia silaha ya kususia, yaani kukataa kununua au kuuza kwa lengo la kuondosha uovu. Tutaangalia Sira inasema nini, historia ya karibu inafundisha nini, na sisi wakazi wa mijini tuna wajibu gani pale tunaponunua mahitaji yetu ya kila siku.

Kususia kulikokuwa dhulma

Watu wengi wakisikia neno kususia hudhani ni jambo jema tu, kwa kuwa hufanywa na wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Lakini katika Sira, kususia kukubwa tunakokukuta mwanzoni kulifanywa na makafiri wa Kikuraishi dhidi ya Mtume (s.a.w).

Ilikuwa mwaka wa saba wa Utume. Makuraishi walipoona Uislamu unaenea na Abu Talib hakubali kumtoa mtoto wa nduguye, waliandikiana mkataba. Walikubaliana wasiwaoze wala wasioe kwao, wasiwauzie wala wasinunue kwao, mpaka ukoo wa Bani Hashim na Bani Muttalib umtoe Muhammad (s.a.w) auawe. Mkataba ule wakautundika ndani ya Al-Kaaba. Koo zile, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, zikajikusanya katika bonde la Abu Talib kwa muda wa karibu miaka mitatu. Wanahistoria wanasimulia kuwa walifikia hali ya kula majani ya miti, na vilio vya watoto wenye njaa vilisikika nje ya bonde.

Tuzingatie mambo mawili hapa. Kwanza, adhabu ile haikubagua. Aliyetakiwa ni mtu mmoja, lakini walioshindishwa njaa ni wazee, wanawake na watoto, wakiwemo ambao hata hawakuwa wamesilimu. Pili, tuangalie nani aliuvunja mkataba ule. Hisham bin Amr, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, alikuwa akimpakia ngamia chakula usiku, anamfikisha kwenye mdomo wa bonde kisha anamwachia aingie mwenyewe. Baadaye ni huyo huyo aliyemwendea Zuhayr bin Abi Umayya, kisha Mut'im bin Adiy, Abul Bakhtari na Zam'a bin Al-Aswad, wakakubaliana kuupinga hadharani. Walipokwenda kuuchana wakakuta mchwa wamekwisha kuula, isipokuwa sehemu yenye jina la Allah.

Hao watano walikuwa bado katika dini ya jamaa zao. Kilichowasukuma ni kuona haya kula na kuvaa ilhali jamaa zao wanaangamia kwa njaa. Kumbe hata mtu asiyekuwa wa dini yako anaweza kuwa na dhamiri iliyo hai, na anaweza kuwa mwenzako katika kupinga dhulma.

Ngano ya Yamama

Sasa tugeuze ukurasa. Miaka ikapita, Mtume (s.a.w) yuko Madina. Wapanda farasi wa Kiislamu wakamkamata Thumama bin Uthal, mkubwa wa kabila la Bani Hanifa kutoka Yamama. Akafungwa kwenye nguzo ya msikiti. Siku tatu Mtume (s.a.w) akawa anapita kumwuliza ana nini moyoni, kisha akaamuru afunguliwe bila ya fidia. Thumama akaenda kukoga, akarudi msikitini na kutoa shahada.

Alipokwenda Makka kufanya umra, Makuraishi wakamkejeli kuwa ameiacha dini yake. Thumama akawajibu kwa kiapo kwamba haitawafikia hata punje moja ya ngano kutoka Yamama mpaka Mtume (s.a.w) aruhusu. Kisa hiki kipo katika Sahihi Bukhari na Muslim. Yamama ilikuwa ghala la Makka, kwani Makka ni bonde la mawe lisilolimwa. Thumama akatimiza kiapo chake na Makuraishi wakabanwa na njaa.

Hapa ndipo penye somo kubwa. Waliobanwa ni wale wale waliotundika mkataba ndani ya Al-Kaaba. Ni wale wale waliosikia vilio vya watoto bondeni na wasijali. Leo kamba iko mkononi mwa Mtume (s.a.w). Waandishi wa Sira wanaeleza kuwa Makuraishi walimwandikia wakimkumbusha udugu wa damu, naye akamwandikia Thumama aiachie ngano iende Makka.

Mtume (s.a.w) hakumlaumu Thumama kwa kutumia biashara yake kuonyesha msimamo. Lakini ilipofika hadi ya kushindisha njaa watu wote, wema na waovu, wakubwa na watoto, aliiondoa. Aliyewahi kuwekewa njaa hakukubali kuwawekea wengine njaa.

Kwa hiyo kutokana na Sira tunapata mizani ya kupimia. Muumini anaruhusika kuitumia biashara yake kuipinga dhulma, lakini lengo liwe ni kitendo cha dhulma na mtendaji wake, wala lisiwe watu kwa sababu ya ukoo wao, kabila lao au dini yao. Ndiyo maana Mtume (s.a.w) aliendelea kufanya biashara na wasiokuwa Waislamu mpaka mwisho wa uhai wake. Bukhari amepokea kuwa alifariki dunia hali ya kuwa deraya yake iko rehani kwa Yahudi mmoja, kwa shayiri aliyoichukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake.

Matunda ya Afrika Kusini

Tuingie katika historia ya karibu, kwa mfano ambao wazee wetu waliushuhudia. Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn jijini London, ulifanyika mkutano wa kuwaomba wananchi wa Uingereza waache kununua bidhaa za Afrika Kusini. Miongoni mwa waliozungumza alikuwa Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU na Tanganyika haijapata uhuru wake. Alikuwepo pia padri Trevor Huddleston, aliyekuwa ameishi na kufanya kazi Johannesburg.

Ombi lao lilikuwa dogo mno. Hawakumtaka mama wa Kiingereza aandamane wala achukue silaha. Walimtaka akifika dukani asichukue machungwa, zabibu na matunda ya makopo kutoka nchi ile. Mwezi Machi 1960 ukatengwa kuwa mwezi wa kususia. Tarehe 21 ya mwezi huo huo polisi wa makaburu wakawaua kwa risasi watu 69 huko Sharpeville, na harakati ile ikageuka kuwa ya kudumu dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Miaka ikapita mingi, wengine wakakata tamaa. Lakini mwaka 1984, huko Dublin, Ireland, binti wa miaka 21 aitwaye Mary Manning, mpokea fedha katika duka la Dunnes, alikataa kumpigia mteja hesabu ya mabalungi yaliyotoka Afrika Kusini, kwa kufuata uamuzi wa chama chao cha wafanyakazi. Akasimamishwa kazi. Wenzake wachache wakatoka naye na kuanza mgomo uliochukua karibu miaka mitatu, wakisimama nje ya duka kwenye baridi na mvua. Mwaka 1987 serikali ya Ireland ikapiga marufuku matunda na mboga za Afrika Kusini. Kabla ya hapo, mwaka 1986, benki ya Barclays ilikuwa imeuza hisa zake na kuondoka Afrika Kusini, baada ya wanafunzi wa vyuo vya Uingereza kuisusia kwa miaka mingi. Februari 1990 Nelson Mandela akatoka gerezani, na Aprili 1994 wananchi wote wa nchi ile wakapiga kura.

Hatusemi kuwa machungwa peke yake ndiyo yaliyouangusha ubaguzi wa rangi. Kulikuwa na watu waliofungwa, waliouawa, wafanyakazi waliogoma ndani ya nchi, na nchi jirani zilizolipa gharama kubwa. Lakini kususia kuliwafanya watu wa mbali wasiendelee kulipia dhulma bila ya kujijua. Na tuzingatie muda: kutoka Holborn mpaka kura ya 1994 ni miaka 35. Sisi tukisusia kitu wiki mbili tunauliza mbona hakuna kilichobadilika!

Kwa nini sisi huishia njiani

Waislamu nasi tumetumia silaha hii. Mnamo Septemba 2005 gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapisha vikatuni vya kumkejeli Mtume (s.a.w). Mwanzoni mwa 2006 bidhaa za Denmark ziliondolewa kwenye maduka mengi ya nchi za Kiarabu. Aliyepata pigo kubwa ni Arla, kampuni ya maziwa na siagi. Waislamu walionyesha kuwa heshima ya Mtume wao si jambo la kuchezewa, na ujumbe ulifika. Lakini tujiulize kwa uadilifu: Arla ni ushirika unaomilikiwa na wafugaji wa ng'ombe. Wao hawakuchora wala hawakuchapisha, na mwezi Machi 2006 walitoa matangazo katika magazeti ya Kiarabu kujitenga na vikatuni vile. Qur'an (6:164) inatufundisha kuwa mbebaji habebi mzigo wa mwingine.

Vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, mamilioni ya watu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, waliacha kununua katika maduka ya baadhi ya makampuni makubwa. Kampuni ya McDonald's ililengwa baada ya mwenye leseni yake nchini Israel kutangaza kuwapa wanajeshi chakula cha bure. Januari 2024 mkuu wa kampuni hiyo, Chris Kempczinski, alikiri kuwa biashara yao imeathirika katika nchi kadhaa za Mashariki ya Kati. Aprili mwaka huo kampuni ikatangaza kuyanunua maduka yote 225 ya Israel kutoka kwa mwenye leseni yule. Hapa kilikuwepo kitendo kinachojulikana na mtendaji anayejulikana.

Lakini katika wimbi hilo hilo ilisusiwa pia Starbucks, ambayo haina duka Israel tangu ilipofunga maduka yake mwaka 2003. Machi 2024 Alshaya, kampuni ya Kuwait inayoendesha maduka ya Starbucks katika Mashariki ya Kati, ilianza kupunguza wafanyakazi wapatao 2,000. Kila mmoja ana haki ya kutonunua kahawa asiyoitaka. Hata hivyo anayetaka kuwaongoza watu katika kususia lazima aweze kujibu: nani kafanya nini, na tunataka aache nini?

Kutokana na mifano hii tunaona kasoro tatu zinazoturudisha nyuma. Ya kwanza ni kusambaza orodha za bidhaa bila ya uhakika. Mtu anapokea orodha kwenye simu, hajui nani kaiandika, naye anaipeleka kwa wengine. Suratul Hujurat (49:6) inatuamrisha kuzichunguza habari ili tusiwadhuru watu kwa kutojua. Ya pili ni kukosa lengo na mwisho. Kampuni isipojua itende nini ndipo watu warudi, haina sababu ya kubadilika. Ya tatu ni kuhukumiana. Kitu cha halali hakiwi haramu kwa sababu tu watu wamekisusia, na Mwislamu aliyenunua soda asiitwe mnafiki. Kususia ni ushawishi, na ushawishi haujengwi kwa matusi.

Lumbesa na Suratul Mutaffifin

Ndugu msomaji, kuna kasoro ya nne, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika somo hili. Tunaona dhulma ya mbali, tunaikosa iliyo kwenye kapu letu la sokoni.

Chukua mfano wa lumbesa. Mkulima wa viazi wa Njombe au Mbeya, au wa vitunguu wa Singida, anauza kwa gunia. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza mpaka mdomoni, kisha anashonea wavu au kipande cha gunia lingine juu na kuendelea kujaza mpaka linakuwa na kichwa kama kichuguu. Mzigo unapita kilo 100 kwa mbali, lakini mkulima analipwa bei ya gunia moja. Akikataa, mnunuzi anakwenda kwa jirani, na viazi havisubiri. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo na Wakala wa Vipimo wapo, na serikali imekemea lumbesa mara nyingi. Lakini lumbesa bado inapanda malori.

Mzigo ule ukifika mjini unaingia sokoni. Huku hakuna lumbesa tena. Mama wa Buguruni au Manzese anauziwa kwa sado au kwa fungu. Wapo wachuuzi waadilifu, Allah awabariki. Lakini wapo pia ambao kopo lao limebonyezwa kitako, au fungu lao lina viazi vizuri juu na vibovu chini. Kwa hiyo mkulima katoa zaidi ya kipimo, na mlaji kapata pungufu ya kipimo. Tofauti imebaki katikati.

Sasa soma mwanzo wa Suratul Mutaffifin (83:1-3). Allah (s.w) ameanza sura nzima kwa kuwaonya watu ambao wakipokea kwa wengine hutaka watimiziwe, na wakiwapimia wengine hupunja. Je, kuna maelezo ya lumbesa na sado iliyobonyezwa yaliyo wazi zaidi ya haya? Na watu wa Nabii Shuaib (a.s), kama tunavyosoma katika Suratul A'raf na Suratu Hud, waliangamizwa baada ya kuonywa juu ya shirki pamoja na kupunja vipimo. Mtume (s.a.w) naye hakuliacha soko la Madina lijiendee. Imam Muslim amepokea kuwa alipita kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, akakuta umajimaji. Akamkemea mwenye nafaka kwa kuificha ile iliyolowa, na akamtoa mdanganyifu katika mwenendo wake.

Tazama, alitia mkono ndani ya rundo. Alifanya uchunguzi kama mtu wa kawaida anayeweza kuufanya. Sisi tunaogopa kuonekana wasumbufu tukiomba mizani.

Ipo mifano mingine. Ramadhani ikikaribia, sukari, tende na unga hupanda, na sisi tunakimbilia kununua kwa wingi kana kwamba dukani hapatafunguliwa tena. Inasimuliwa kuwa watu walimlalamikia Ibrahim bin Adham kuwa nyama imekuwa ghali, akawaambia waishushe bei kwa kuiacha. Tena yupo mwenye hoteli anayesifika kwa pilau, huku wahudumu wake wanadai mishahara ya miezi. Katika hadithi qudsi iliyomo ndani ya Bukhari, Allah (s.w) anajitangaza kuwa mgomvi wa mtu aliyeajiri mfanyakazi, akaipata kazi kamili kisha asimlipe ujira wake. Tunajua, na bado tunampelekea oda za walima.

Na tusisahau nyumba zetu. Mtu anayesusia bidhaa ya kampuni ya ng'ambo huku dada wa kazi nyumbani kwake hajalipwa tangu mfungo tatu, anasusia nini hasa? Aanze kwa kumlipa yule binti.

Maskini atasusia nini?

Hapa atatokea wa kuuliza: mtu anayenunua mafuta ya kupima na sukari robo, tena kwa mkopo wa muuza duka, ana uchaguzi gani? Swali hili ni la haki. Suratul Baqarah (2:286) imetufundisha kuwa Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Mama anayetafuta chakula cha usiku hana lawama akinunua kilicho karibu na rahisi. Ingekuwa dhulma nyingine kumbebesha yeye mzigo wa kulirekebisha soko.

Lakini sisi kwa umoja wetu ni wanunuzi wakubwa. Msikiti unaofuturisha watu mwezi mzima hununua magunia ya viazi, mchele, unga na sukari. Shule zetu za Kiislamu zenye mabweni hununua chakula kila wiki. Kamati za harusi na maulidi huagiza nyama, mchele na mapambo kwa mamilioni. Mfanyabiashara anayeweza kumpuuza mama mwenye sado moja hawezi kuipuuza kamati yenye oda ya magunia 20. Nguvu ipo mikononi mwetu, lakini tunaitumia kuomba punguzo la bei tu.

Kwa hiyo tunapendekeza hatua hizi, ambazo msikiti au shule yoyote inaweza kuzianza bila ya kusubiri fedha wala kibali:

1. Kamati ya msikiti au shule iamue kuwa haitanunua mazao kwa gunia, bali kwa kilo, kwenye mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Mzabuni aelezwe mapema kuwa lumbesa haipokelewi.

2. Kabla ya kuisusia biashara yoyote ya mtaani, wapelekwe watu wawili au watatu kuzungumza na mwenyewe kwa siri na kwa adabu. Huenda ana udhuru, huenda hajui, huenda atatubia. Lengo letu ni aache dhulma, si afilisike.

3. Akikataa, isemwe wazi ni kitendo gani kinachosusiwa na afanye nini ili wateja warudi. Akikifanya, warudi kweli, tena waje na wengine. Thumama aliifungua njia ya ngano siku aliyoambiwa aifungue.

4. Muadilifu atajwe na aungwe mkono. Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanajua nani anapima sawasawa. Kumnunulia huyo, hata kama yuko hatua chache mbele zaidi, ni sehemu ya sadaka ya muumini.

5. Dini ya mwenye duka isiwe kigezo. Mwislamu anayepunja hana kinga kwa sababu ya kofia yake, na asiyekuwa Mwislamu anayepima kwa haki anastahiki wateja. Suratul Maidah (5:8) inatuonya kuwa chuki yetu kwa watu isitupeleke kwenye kutofanya uadilifu. Kinyume chake pia ni kweli: mapenzi yetu kwa jamaa zetu yasitufumbe macho.

6. Tuwe na subira. Wale wa Dublin walisimama nje ya duka karibu miaka mitatu kwa ajili ya watu waliokuwa mbali nao sana. Sisi tunaombwa kusimama dakika tatu mbele ya mizani.

Mwisho

Ndugu msomaji, hakuna anayedai kuwa kilo ya viazi itaibadilisha dunia. Lakini dhulma ya lumbesa haikuletwa na jeshi. Imejengwa kwa manunuzi madogo madogo ya watu wengi ambao hawakuuliza, na itabomolewa kwa manunuzi madogo madogo ya watu wengi wanaouliza. Mkulima wa Njombe hawezi kukataa peke yake kwa sababu viazi vyake vitaoza. Anahitaji mnunuzi wa mwisho, aliyeko mjini, aseme kuwa mzigo wa aina hiyo hautaki.

Na ikitokea tumeuliza, tumekataa, tumeungana, na bado soko halikubadilika katika uhai wetu, hatukupata hasara. Siku ile tutakapoulizwa mali tuliitumia katika nini, tutakuwa na la kujibu. Shilingi uliyoitoa itakuwa shahidi. Tuitoe leo kwa namna ambayo tungependa ishuhudie kesho.

Tunamuomba Allah (s.w) atupe riziki ya halali, atupe macho ya kuiona dhulma iliyo karibu nasi kama tunavyoiona ya mbali, na atujaalie uadilifu tunaponunua na tunapouza. Aamin.